Vibao Tisa Ndani ya Ndoo

Jumatatu, 3 Agosti

Fundi rangi amemaliza ukuta wa nyuma. Kazi safi, siwezi kumwonea. Mstari wa chini umenyooka kabisa, na mistari ni kitu ninachokijua. Nikampa hongera yake. Halafu akaniletea ndoo.

Ndani ya ndoo vibao tisa. Vile vya Mama Watoto, alivyovikata kwenye mifuniko ya ndoo za mafuta na kuvichomeka chini ya kila kichaka kando ya ukuta. Fundi amevichomoa visiingie rangi. Amevifuta kwa kitambaa. Amevipanga kwa ukubwa! Anasema hakuwa na wasiwasi, mwenye nyumba anajua mimea yake, nitavirudisha mwenyewe.

Nikasema bila shaka.

Sijui hata mmoja.

Na vibao vyenyewe havina majina ya mimea. Mke wangu ameandika aliyempa mbegu au kitawi. Wa Mkunga. Wa Fundi Cherehani. Wa Shuleni. Wa Mama Mwenye Duka. Wa Jirani Aliyehama. Wa Kliniki. Wa Binti. Wa Wifi — wifi yake ni dada yangu, ambaye mimi naye hatusemezani mwaka wa nne huu. Na Wa Ofisini. Ofisini kwa nani? Yeye alifundisha chekechea maisha yake yote. Labda ofisi ya mtaa, kule alikokuwa akienda kwenye mikutano ya maji.

Mwezi huu hakuna kilichochanua. Majani na vijiti tu, na matumba mawili matatu yaliyofumba. Mwenyewe yuko kwa binti yetu tangu Machi, safari ya siku nzima kwa gari, analea mjukuu. Alisema miezi miwili.

Nimekaanga mayai manne tena. Mkono umezoea. Mawili yako kwenye friji pamoja na wenzao wa jana.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekumbuka — ramani ya kiwanja! Niliichora mwenyewe mwaka niliostaafu, kila kitu kimo. Nimepekua kabati zima mpaka nikaikuta ndani ya bomba lake, haijapata hata kovu. Skeli moja kwa mia. Kila kichaka kina duara lake na umbali wake kutoka ukutani, hadi sentimita. Nambari moja mpaka tisa. Majina hakuna. Pembeni, kwa herufi zangu nzuri: Mimea (9).

Nikacheka peke yangu, kicheko kikaisha vibaya. Miaka thelathini na moja ya kuchora ramani za ardhi, na hayo ndiyo niliyoyaona kwenye bustani ya mke wangu.

Alikuja siku ile na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu. Akauliza, majina huandiki? Nikamjibu mmea si mpaka. Hakuuliza tena.

Kusema kweli mimea nilikuwa nimeikasirikia. Wenzangu walipostaafu kila mmoja alipewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa kijiti kwenye ndoo, kimefungwa utepe mwekundu. Nilikitua kibarazani nikamwambia Mama Watoto akitupe. Tangu hapo habari yake ikaisha.

Alhamisi, 6 Agosti

Amepiga simu asubuhi. Mkwe ana shughuli zake za kazi upande huu, atapita hapa Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Nimkatie vitawi. Vya Mkunga, vya Fundi Cherehani, vya Binti na vya Wifi. Urefu wa kiganja, nikate chini ya jicho, pale jani linapochipuka, nivifunge kwenye gazeti lililoloweshwa, kila kifurushi na jina lake.

Nikasema sawa. Habari ya ndoo sikuitaja. Nilijikausha.

Mtoto akalia, simu ikaisha.

Nimekaa nayo mkononi mpaka ikazima mwanga. Vitawi vya nini? Aliwahi kusema kile kichaka cha karibu na bomba la maji kilimchukua miaka mitatu kutoa ua la kwanza. Mtu hapandi kitu cha miaka mitatu mahali anapopita tu.

Nimeandika sentensi hiyo na sasa sipendi kuitazama.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeamua iwe kazi. Bahasha tisa za kaki, nambari zilezile za kwenye ramani. Ndani ya kila moja jani, kipande cha shina, na tumba kama lipo. Rula, penseli iliyochongwa, kioo cha kukuzia. Nilivaa hata shati la kazini, sijui kwa ajili ya nani.

Nambari 1 haikunisumbua: miiba, kila mmoja unatoka pale jani linapoungana na shina. Bogenvilia. Imenichana mara ngapi. Nambari 2 ilinidanganya — nilidhani majani yametoka mawili mawili, nikahesabu upya, ni matatu kila pingili, membamba, sentimita kumi na mbili. Shina la nambari 3 lina pembe nne! Ukilizungusha vidoleni linakataa, kama penseli ya seremala. Na jani lake ukilifikicha harufu inakung'ang'ania. Nimenawa mara mbili na bado ninanuka.

Nambari 4 jani lina meno pembezoni, na ukimenya ganda la shina linatoka utepe mrefu usiokatika. Nambari 5 imenidondoshea utomvu mweupe kwenye shati. Hiyo nikaijua bila kibao. Binti alikuja nayo siku moja kwenye kopo, ana miaka saba, akajipangusa jicho na mkono wenye utomvu, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mimi ndiye niliyemuosha uso. Basi kimoja kimepata mwenyewe: Wa Binti.

Nambari 6 inang'aa kama imepakwa mafuta, majani yanatazamana mawili mawili, na tumba lake limejisokota, mithili ya nguo inayokamuliwa. Nililitazama hilo robo saa nzima. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniuliza ninafanya nini.

Nambari 7 tumba lake linanata. Nambari 8 yasmini, nina hakika, jani moja limegawanyika vijani vidogo.

Nambari 9 haina la kusema. Iko konani kabisa, haifiki kiuno. Jani la kawaida, moja huku moja kule, kingo laini. Shina la kijivu. Matumba machache membamba, yamefumba kabisa. Nimeandika "kawaida" mara tatu kwenye bahasha moja.

Sasa sura zao ninazijua. Lakini nani ni wa nani? Hilo halipo kwenye jani. Itabidi niwaendee watu wenyewe, nikaone kama mama mti bado uko kwao.

Kwa Wifi siendi.

Jumapili, 9 Agosti

Nimeanza na Mkunga, kwa kuwa huyo hawezi kunifukuza. Ndiye aliyemzalisha mke wangu. Anakaa nyuma ya kliniki, chumba na sebule. Macho yamepungua sana. Nilimweleza habari ya vibao, akanyoosha mkono bila kucheka, nikampa bahasha moja baada ya nyingine. Anapapasa tu. Jani kidogo, shina kidogo, anarudisha.

Kwenye nambari 7 akatulia. Akaligusa tumba, likamnata kidoleni.

"Huu wangu," akasema. "Unashika kidole kama mtoto mchanga. Ndiyo maana niliupenda."

Akanipeleka uani kunionyesha. Kweli, uleule. Nikaandika. Na bogenvilia ya nambari 1 nimemkuta mama yake kwenye ua wa kliniki, nayo nikaiandika. Nilifurahi kama mtu aliyepasi mtihani.

Halafu yeye, kwa wema kabisa, akasema ni vizuri basi, mwenzangu amepata pa kupanda. Mke wangu alimpigia wiki iliyopita, akamwambia chumba walichomjengea kule kwa binti kina dirisha la upande wa jua.

Chumba walichomjengea.

Nikasema najua.

Sikujua. Nikafunga bahasha. Wakati wa kuniaga akaniuliza, "Na wewe, baba, unakula?" Nikasema ninakula vizuri. Nimemdanganya mama wa miaka themanini na kitu, siku ya Jumapili.

Jumatatu, 10 Agosti

Leo sikusema na mtu. Saa kumi alipita mtu aliyekosea geti, nikamwelekeza, sauti ikanitoka na kutu.

Kuna kikombe chake kwenye rafu, kile chenye ufa. Sikitumii, lakini nakiosha.

Hakuna atakayesoma humu, basi niandike wazi: mpweke. Haya, nimeandika. Mwandiko umetoka vizuri.

Jumanne, 11 Agosti

Fundi Cherehani ni nambari 4. Mama mti uko mlangoni pa karakana yake, meno yaleyale, utepe uleule. Anafungia vifurushi vya nguo kwa ganda lake akikosa kamba! Akanipima mabega kwa macho akasema nimepungua, nimletee suruali zipunguzwe kiuno. Akauliza Mama anarudi lini. Nikasema karibuni. Watu wote wa mtaa huu wanamjua mke wangu kuliko wanavyonijua mimi, na mimi ndiye niliyewachorea viwanja.

Nikapita ofisi ya mtaa na nambari 9, ile isiyo na la kusema, nikibahatisha kwamba ndiyo yenye kile kibao cha Wa Ofisini. Karani alidhani nimekuja na mgogoro wa ardhi, akanipa fomu. Nikamwambia ninatafuta mwenye jani hili. Akatazama jani, akanitazama mimi, akamwita mwenzake naye aje atazame. Hawaujui. Uwanja wao mzima ni saruji na pikipiki.

Nimebakiza kimoja katika vile vinne alivyovitaka Mama Watoto. Nimejaribu kukipata kwa akili: nambari 2, 3, 6, 8 au 9. Nikikosea nitakuwa nimempelekea kitu cha mtu mwingine kwa jina la dada yangu. Mke wangu akilishika tu jani atajua. Atajua na kwamba sikwenda.

Jumatano, 12 Agosti

Nimekwenda.

Mtaa wa pili tu kutoka hapa, nikazunguka kwa njia ndefu. Bahasha zote tisa kwapani. Alifungua geti mwenyewe, mkono una unga. Akatazama kwapa langu.

"Umekuja na karatasi zako tena, kaka."

Mara ya mwisho nilikuja na ramani ya kiwanja cha baba. Alitaka mstari usogee mita mbili, tangi lake la maji liwe ndani. Nikamwambia mstari hausogei. Na hausogei kweli, hilo sibadilishi. Lakini alikuwa ameniwekea chai siku ile nikaiacha ipoe juu ya meza, nikaondoka. Chai ningeweza kuinywa.

"Ni majani tu," nikasema.

Akanawa. Akaketi kwenye ngazi, akatandaza kitambaa mapajani, akamwaga bahasha moja moja. Huyu hapapasi, anatazama mara moja tu. Hili la shuleni. Hili la yule jirani aliyehama. Hili la mama mwenye duka. Nikawa naandika mbio. Alipofika kwenye tumba lililojisokota akalishika kwa vidole viwili.

"Huu wangu. Mama alikuwa nao uani, karibu na jiko. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nikasema kidogo kidogo naukumbuka, akanitazama tu, mwongo anamjua.

Ikabaki nambari 9. Nikamwambia huo ni wa ofisini, nimeenda mpaka ofisi ya mtaa wakanipa fomu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, na mimi nimesimama na penseli yangu.

"Kaka, huo wako! Ule waliokupa siku ya kustaafu."

Nikasema ule ulitupwa. Akasema utupwe na nani. Mke wangu aliutoa kwenye ndoo jioni ileile, akauweka konani nisikopita. Mwaka wa kwanza ukapukutika wote, akaja hapa kuulizia dawa. Alimkataza dada asinitajie kwa sababu ningeung'oa. Kila Alhamisi aliyoniambia anaenda kwenye kikundi cha akina mama alikuwa hapa, kwenye ngazi hii, miaka minne.

Ningeung'oa. Ni kweli, ningeung'oa.

Nikamuuliza, amekwambia anarudi lini.

Akakung'uta kitambaa kwanza. "Wewe umemwambia arudi?"

Nikasema anajua hapa ni kwake.

"Sikuuliza anajua nini. Nimeuliza umemwambia."

Nikanywa chai yake. Vikombe viwili. Wakati wa kuondoka akasema mimea ikikosa mtu wa kuimwagilia, yeye bado ana miguu. Sijui kwa nini alisema hivyo. Mtu wa kuimwagilia si mimi?

Alhamisi, 13 Agosti

Leo nimepiga mimi. Nimeangalia kwenye simu: tangu Machi simu zote alipiga yeye. Zote. Nimezishusha kwa kidole mpaka chini nikitafuta yangu moja.

Nilikuwa nimeandika kwenye kikaratasi ili nisibabaike: Nakuomba urudi nyumbani. Nikakiweka mbele yangu mezani, nikaweka na glasi juu yake kisipeperuke.

Akapokea kwa hofu, akauliza nani anaumwa. Nikasema hakuna. Ikabidi niseme kitu, nikamweleza habari ya ndoo, fundi rangi, vibao vilivyopangwa kwa ukubwa, bahasha. Akacheka. Akaniuliza shina la pembe nne nililiona? Nikasema nililiona. Akasema watu wengi hawalioni.

Nikasema, na ule wa ofisini?

  Akauliza nani kaniambia. Nikasema wifi yako. 

"Umekwenda kwake?"

"Nimekwenda. Nimekunywa na chai."

Akasema, haya. Haya ya namna hiyo sijaisikia siku nyingi.

Nikauliza kama nao nimkatie. Akasema huo haushiki kwa kitawi, amejaribu mara tatu, unakauka. Huo mpaka uchimbwe na udongo wake, na mtu aupakate njia nzima usitikisike. Nikasema mkwe ataweza? Akasema huyo anaendesha kama anafukuzwa. Basi ubaki, nikasema. 

"Sijui. Mwenyewe ni wewe."

Mtoto akalia. Kikaratasi kiko chini ya glasi mpaka sasa, kimepata duara la maji. Maneno matatu, na mdomo wangu mzima haukuyaweza.

Ijumaa, 14 Agosti

Vitawi vimekatwa. Vinne, kiganja kimoja kila kimoja, chini ya jicho. Gazeti, maji, uzi. Majina nimeandika kwa herufi za ramani.

Vibao nimevirudisha vinane. Cha tisa nakizungusha mkononi. Mwandiko wake una haraka, ile "f" imeangukia mbele.

Nambari 9 imefungua ua moja. Moja tu, la zambarau. Dada alisema kesho litapauka, keshokutwa litakuwa jeupe kabisa, na mengine yatakuja nyuma yake, hivyo kichaka kinakuwa na rangi tatu kwa mpigo. Miaka yote hii kila mwaka kimefanya hivyo, hatua ishirini na mbili kutoka dirisha langu. Nimezipima.

Kama anataka kurudi, kichaka kibaki hapa kimsubiri. Kama harudi, kikibaki kitakuwa changu peke yangu, na mimi nimekwisha kuwa na vitu vingi vya peke yangu.

Jumamosi, 15 Agosti

Mkwe amefika saa mbili na nusu, mapema kuliko alivyosema. Yuko sebuleni anakunywa chai, na mayai yote manne nimempa. Ninaandika nikiwa nimesimama jikoni.

Nimeanza kuchimba tangu alfajiri. Hata sijui nilikata shauri saa ngapi, nilijikuta na sepetu. Nimezunguka pande tatu, kina cha mkono, mizizi sikuigusa. Umebaki upande wa ukuta. Gunia liko tayari, limeloweshwa. Ua la jana limepauka kama alivyosema dada.

Mkwe alitoka na kikombe chake, akasimama akatazama shimo. "Baba, na huu nao unakwenda?"

Nikamwambia sijui bado.

Nikaenda kumfungashia vitawi. Gari lake limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Maboksi, magodoro ya watu, jerikeni. Viti vya nyuma vyote havina nafasi ya kuweka hata kofia. Cha mbele kitupu. Hata gazeti hakina. Nikamuuliza kwa nini hakuhamishia boksi moja mbele, apumue.

"Mama alinikataza," akasema. "Aliniambia cha mbele nisiweke kitu."

Kwa nini?

"Hakusema."

Nimempigia dada. Amepokea kabla simu haijaita mara mbili, akasema ufunguo niuweke chini ya kibao cha Mkunga. Sikuwa nimemwambia lolote.

Shati la kazini nimelivaa. Mfuko mmoja wa nguo uko mlangoni, haujafungwa zipu. Mkwe amemaliza chai, nasikia anasuuza kikombe. Upande wa ukuta bado haujachimbwa. Ni mapigo manne ya sepetu, matano kwa wingi, na kitabu hiki sijui nikitie kwenye mfuko au nikirudishe kwenye droo